Chafya ya Kuzuia Roketi

Gazeti la siku ile lilisomwa na Jenerali, na likishasomwa na Jenerali hakuna mtu pale kwenye kibanda cha kahawa cha Rattamma anayeweza kusema hakusikia. Jenerali hajui kusoma kimyakimya. Hata tangazo la msiba hulisoma kama anaamrisha gwaride.

"Sikilizeni nyie! Roketi ya kubeba setilaiti ya mawasiliano ya jeshi la majini imeshasimamishwa kwenye mnara wake kisiwani. Kwa kuwa kuna kimbunga kinanyemelea Ghuba ya Bengal, safari imewahishwa. Itaruka Jumapili hii saa kumi na nusu jioni."

Habari ya roketi haimshtui mtu wa mji huu wa Sullurpeta. Zinaruka kisiwani, ng'ambo ya ziwa la chumvi, miaka nenda miaka rudi, na akina mama wanajua kushusha vyombo kutoka rafuni kabla havijatetemeka vikaanguka. Ndiyo maana wote waligeuka Penchalaiah alipopaliwa na kahawa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Wewe, Kumi-Tisa-Nane! Kahawa imekosea njia?" akauliza Obulesu, ambaye kila mtu humwita Ugoro kwa sababu inayoonekana puani mwake.

Hilo la Kumi-Tisa-Nane Penchalaiah alijitakia mwenyewe. Mwezi mzima alikuwa akifika kibandani asubuhi, kabla hata ya kuagiza idli zake za mchele, anatangaza siku zilizobaki kufikia harusi ya binti yake.

"Soma tena hiyo saa," akasema alipopata pumzi.

"Kumi na nusu jioni. Jumapili."

"Jumapili hii?"

"Sasa ulitaka Jumapili ya mwaka juzi?"

"Ndugu zangu, nimekwisha. Ndiyo saa Sireesha anafungwa kidani cha ndoa!"

Rattamma alikuwa anamimina kahawa toka juu ili ipoe, bilauri moja usawa wa kichwa, nyingine usawa wa kiuno. Mara hii nusu ilimwagikia jikoni, na mwanamke huyu hajawahi kumwaga tone tangu afungue kibanda.

"Si Sireesha mwenyewe yuko kwenye timu inayoitia mafuta hiyo roketi?" akauliza.

"Ndiyo balaa lenyewe! Aliniambia ni wiki ijayo. Na roketi ikishasimama mnarani, likizo hakuna. Hata ukiumwa jino, wanakwambia jino lingoje."

"Sogeza harusi," akasema Ugoro.

"Nisogeze wapi? Jumatano unaingia mwezi wa Ashadham, mwezi mzima hakuna anayeoa. Halafu unamjua mjomba wa bwana harusi? Mzee Malakondaiah wa Gudur?"

"Yule wa masharubu?"

"Huyo huyo. Siku ya posa aliyasokota, akaapa mbele ya ukoo mzima: hata mbingu zishuke, saa haibadiliki. Dakika moja ikipita, anambeba kijana wake anarudi naye Gudur."

Jenerali akakunja gazeti na kuweka mguu mmoja juu ya benchi, kama afanyavyo akitaka kuonekana ana siri za taifa.

"Tatizo hamjui uzito wa setilaiti hii. Ni ya siri kubwa. Manowari itakuwa katikati ya bahari, inaongea na makao makuu, na adui hasikii hata neno."

"Siri gani imeandikwa ukurasa wa mbele, chini ya bei ya kamba wa kufuga?" akauliza Rattamma.

"Wewe mama huelewi mambo ya vita."

"Vita gani! Mtoto wa dada yangu ni baharia. Akipata mtandao tu: 'Mama, mmekula? Mmepika nini?' Basi hiyo setilaiti mtaona, itajaa mchuzi wa biringanya."

"Mimi namfahamu amiri mmoja," Jenerali akaendelea bila kujali. "Nikimpigia simu sasa hivi, roketi inangoja."

"Unamfahamu au ulimmenyea viazi jikoni mwa jeshi?" akadakia Ugoro.

"Kummenyea mtu viazi miaka sita ni kumjua tumbo lake lote!"

Walikuwa bado wanacheka, wote isipokuwa Penchalaiah, alipofika Sastri mpiga falaki. Aliitwa Saa Njema, na hakuwahi kufika mahali kwa njia iliyonyooka, maana akikutana na paka hurudi nyumbani kuanza upya. Alisoma nyuso zao kwanza, kisha akakaa kwenye ncha ya benchi.

"Saa Njema!" Penchalaiah akamrukia. "Saa ya harusi ya mwanangu ulinipa wewe."

"Tena nilikupa bora kuliko zote. Mshtarii amekaa penyewe, Mwezi anatabasamu. Kwani vipi?"

"Roketi nayo inaruka saa hiyo hiyo!"

Sastri akaanza kuukagua mkufu wake wa shanga, shanga moja baada ya nyingine.

"Saa Njema," akasema Rattamma taratibu, "hebu nitazame usoni."

"Sasa mimi nifanyeje? Juzi mke wa bosi wa roketi kaja nyumbani. Anasema tarehe imebadilika, mumewe hapati usingizi, nimtajie saa nzuri ili roho yake itulie. Nikamtajia."

"Ukamtajia saa ya mwanangu!"

"Mwezi huu saa bora ni moja! Ningemtajia mbovu, idondoke baharini, halafu mseme Sastri kauza nchi?"

"Acha uongo," Jenerali akafoka. "Wale wanapanga kwa kompyuta. Wanaangalia jua liko wapi, dunia imegeukia wapi."

"Wakapata saa ngapi?"

Jenerali akafungua gazeti, akalitazama, akalikunja tena. "Kumi na nusu."

"Haya basi."

Penchalaiah alijishika kichwa kwa mikono miwili. Akilini alimwona Sireesha akiwa na kofia ya plastiki na mita yake ya mafuta, na hapo hapo akamwona bwana harusi amekaa peke yake mbele ya moto, Mzee Malakondaiah akitazama saa ya mkononi. Alivipenda vyote viwili, binti na kazi ya binti. Alikuwa amemwuza ng'ombe wa mwisho ili asome kazi hiyo hiyo iliyokuwa inamharibia harusi.

"Kuna njia," akasema Rattamma.

Wakasogeza benchi karibu na jiko.

"Kesho asubuhi bosi anampelekea mungu wetu, Mama Chengalamma, kile kiroketi chao kidogo cha mfano kibarikiwe. Si ndivyo wanavyofanya kila mara? Sasa akiwa anatoka hekaluni, mguu wake kizingitini, akipigiwa chafya..."

"Moja!" Sastri akanyanyua kidole. "Chafya moja, safari imeharibika. Lazima akae, anywe maji, aahirishe."

"Mimi treni ya Chennai imeniacha mara mbili kwa chafya ya mama mkwe wangu," akasema Rattamma. "Mpaka leo naamini alikuwa anakusudia."

"Lakini yule ni msomi," Jenerali akapinga. "Ana shahada tatu!"

"Ana shahada tatu na bado anambebea Mama kiroketi kwenye sinia la nazi na maua. Huyo ni mwenzetu kabisa."

Macho yote yakamgeukia Ugoro. Ugoro akajinyoosha, akajifuta pua kwa heshima, kama mtu aliyeteuliwa kuwa balozi.

"Ila moja tu!" Sastri akamkanya. "Ukipiga ya pili, balaa inafutika, inakuwa heri tupu."

"Unanionaje? Chafya yangu ni risasi. Inatoka moja, inapiga, basi."

"Sitaki ilipuke lakini," Penchalaiah akasema haraka. "Jamani, mnanisikia? Mle ndani mna jasho la mwanangu. Iahirishwe siku moja tu. Wakiahirisha, timu yake inapewa jioni ya kupumzika. Hiyo jioni moja inanitosha."

"Kaka, chafya ya ukubwa gani unataka?" akauliza Ugoro. "Ya siku moja naijua. Kaa utulie."

Kesho yake walikuwa uani kwa Mama Chengalamma mapema, miguu mitupu, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Jenerali alijificha nyuma ya muuza ndizi, akaagiza ndizi na kuagiza tena mpaka muuza ndizi akamwuliza kama ana tatizo. Ugoro alisimama karibu na mlango na kiboksi chake cha ugoro kiganjani. Penchalaiah alikaa kando ya birika la maji.

Magari meupe yakafika. Bosi alikuwa mtu mfupi wa shati jeupe, ameshika sinia kwa mikono miwili kana kwamba mna mtoto mchanga. Katikati ya maua ya jasmini kilisimama kiroketi chenye urefu wa chupa ya soda. Wakaingia. Kengele zikalia, nazi zikapasuliwa, moshi wa ubani ukatoka. Kisha bosi akageuka kuja nje, paji la uso limepakwa wekundu, akainua mguu kuvuka kizingiti.

"Haaaa-CHIIII!"

Njiwa wote wa paa waliruka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mguu wa bosi ulibaki hewani, na wasaidizi wake wakainamisha vichwa kuchunguza sakafu, kila mtu akiomba asiulizwe maoni.

"Maji," akasema bosi.

Akaletewa maji. Akakaa juu ya ngazi, sinia mapajani. Akanywa. Akatazama kiroketi chake, akatazama mbingu, na mkono wake ukaingia mfukoni kutoa simu. Penchalaiah alihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba kifuani. Alikuwa ameshaanza kumshukuru Mama kimoyomoyo, akimwahidi sari mpya ya hariri.

"Chii!"

Ilitoka nyuma ya nguzo. Ilikuwa chafya fupi, kavu, yenye adabu zake.

Uso wa bosi ukachanua. "Mbili!" akasema. "Heri hiyo!" Simu ikarudi mfukoni. Akainuka, akavaa viatu, akaingia garini, na magari meupe yakaondoka kwa kasi kuelekea kisiwani.

Penchalaiah alimfikia Ugoro kabla vumbi halijatua. Akamkamata shati.

"Nilikwambia moja! Moja, Obulesu! Sasa mwanangu ataolewa saa ngapi?"

"Naapa si mimi!" Ugoro alikuwa amejibana pua kwa vidole viwili, macho mekundu. "Ya pili hii hapa, nimeishikilia. Nikiachia utaijua!"

"Ni nyuma ya nguzo," akasema Jenerali, ambaye sasa alikuwa na chane tatu za ndizi. "Adui yuko nyuma ya nguzo!"

Wakazunguka nguzo kwa pamoja. Palikuwa na mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, machozi yanamtiririka, na masharubu yake makubwa yamejaa ugoro kama yamemwagiwa unga wa kahawa.

"Mkwe?" akasema Penchalaiah.

"Mkwe," akajibu Mzee Malakondaiah wa Gudur.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasali."

"Kwa ugoro?"

Mzee akajaribu kusokota sharubu, likamrushia vumbi machoni. Akaishiwa nguvu, akaegemea nguzo.

"Likizo ya kijana imefutwa na jeshi la majini," akasema. "Juzi usiku. Meli yake imetumwa kulinda bahari, mashua zisiende zikakaa chini ya njia ya roketi. Nikawaza, nikasema, huyu bosi akipigiwa chafya moja, meli inarudi..."

"Sasa kwa nini hukunipigia simu?"

"Nilishaapa! Mbele ya ukoo! Nikupigie nikwambie nini? Haya masharubu ningeyaweka wapi?"

"Mimi nimekosa usingizi nikidhani utambeba kijana wako urudi naye Gudur!"

"Nimbebe kutoka wapi, na yeye yuko baharini?"

"Na chafya yako imeniharibia chafya yangu!"

"Yako ndiyo imeharibu yangu!" mzee akang'aka. "Mimi nimefika hapa wa kwanza. Navuta ugoro tangu alfajiri, chafya imegoma. Huyu bwana wenu kulipuka tu, yangu ikaona wivu ikatoka."

Ugoro aliposikia hayo alishindwa kujizuia. Aliiachia ile aliyokuwa ameishikilia, na njiwa waliokuwa wamerudi wakaondoka tena.

Sastri alikuwa ametoa kalenda yake ya nyota na kuisogeza karibu kabisa na macho.

"Jumatatu usiku pana saa," akasema. "Nzuri tu. Ashadham bado haujaingia."

Wakwe wawili wakamgeukia kwa pamoja.

"Ulikuwa unaijua?"

"Naijua siku zote. Lakini nyinyi mlitaka saa bora kuliko zote. Nzuri ya kawaida hakuna aliyeniuliza."

Ilibidi Jenerali asimame katikati na ndizi zake. Baadaye, hasira ilipopoa na mzee akakimeza kiapo chake, walimpigia simu Sireesha, naye akasema Jumatatu usiku ana nafasi, na kwamba Harsha, bwana harusi, alishamwambia meli inarudi Jumatatu asubuhi, na kwamba wao wawili wamekuwa wakingoja tangu juzi wazee waanze kuulizana. Basi wote wakarudi kwa Rattamma, wakwe wamekaa benchi moja, bajia za pilipili katikati yao.

Rattamma alisikiliza kisa chote mpaka mwisho huku akimimina kahawa toka juu bila kumwaga tone. Akampa kila mkwe bilauri yake, kisha akajishika kiuno.

"Hebu nieleweshe, Jenerali. Setilaiti hii inarushwa ili manowari iliyopotelea katikati ya bahari iweze kuongea na nchi kavu?"

"Naam. Bila kizuizi chochote."

"Na hapa hadi Gudur ni treni, hata saa moja haifiki. Na hawa wazee kila mmoja ana simu mbili mfukoni."

Penchalaiah alichagua bajia akaitafuna polepole sana, na Ugoro akapata kazi ya ghafla ya kufunga kiboksi chake. Mzee Malakondaiah alikunywa kahawa mpaka tone la mwisho, akaitua bilauri, akafuta masharubu.

"Mama Rattamma," akasema, "na sisi wakwe, setilaiti yetu inarushwa lini?"