Nukta Tisa za Ziada

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata upenyo! Bosi ametuita, mimi na Twiga, wachora ramani pekee wa ofisi hii. Mji utapata bomba moja la maji la umma. Moja tu. Litawekwa pale watu walipojazana zaidi, na ni sisi wa kuonyesha ni wapi. Nukta moja, watu ishirini. Twiga achore mashariki ya barabara, mimi magharibi, ambako ndiko ninakoishi. Bosi akaniuliza kama nitakuwa mwadilifu. Nikamwambia nimezaliwa hivyo.

Mke wangu hutembea mita mia nane na ndoo kichwani. Kwenye ramani yetu milimita moja ni mita kumi, kwa hiyo ni sentimita nane tu, lakini ukimwambia hivyo hacheki. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea wiki mbili mwaka juzi na bado yupo, husema mkwe mwenye kazi ya ofisini angekuwa ameshaleta maji. Husema mbele ya wageni.

Nimewaahidi wote wawili bomba mlangoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita mtaani kuhesabu. Nyumba sita pamoja na yangu, watu sitini. Nukta tatu. Aibu iliyoje! Kisha nikachungulia karatasi ya Twiga. Nukta nane kwa mpigo, pembeni mwa uwanja. Ana miguu mirefu, anamaliza mtaa mzima kabla sijafunga kamba za viatu, na kalamu yake haivuji hata siku moja. Simpendi.

Alipokwenda kunywa chai, nikaongeza nukta tisa kwenye karatasi yangu, kuizunguka nyumba yangu. Mkono wenyewe ulikwenda. Sasa ni kumi na mbili, yaani watu mia mbili na arobaini ndani ya nyumba sita. Kwa mbali panaonekana kama pana upele. Nimempelekea Bosi haraka, kabla sijabadili mawazo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha! Mkaguzi kutoka makao makuu anakuja Jumamosi saa nne asubuhi, kuhesabu watu kichwa kwa kichwa penye nukta nyingi kuliko zote. Nikauliza kwa nini asiiamini ramani. Bosi akasema ramani ni maneno ya mtu, lazima mwingine aende akayaone. Twiga alikuwa akichonga penseli. Hakuinua macho. Kwa nini hakuinua macho?

Kufuta siwezi, ni wino. Kukiri siwezi, kazi itaota mbawa na mama mkwe atapata la kusema mpaka nizeeke. Nahitaji watu mia moja na themanini kwa saa moja tu. Basi nitawaleta.

Ijumaa, 7 Machi

Mguu na njia siku nzima. Kwaya nimeiambia kuna mgeni anatafuta waimbaji. Timu ya mpira na mashabiki wake, kuna mtu anagawa jezi. Ukoo wa mke wangu nimeupigia simu mmoja mmoja: mama hali yake si nzuri, njooni mmuone. Sauti ilinitetemeka, wala sikuigiza. Wamesema wanakuja wote.

Mama mkwe alikuwa uani nyuma yangu, akianika nguo. Sidhani kama alisikia.

Jumamosi, 8 Machi

Walikuja! Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Kwaya ikaimba, timu ikapasha misuli, ukoo ukaingia ukilia na kumkuta mgonjwa akifua mapazia. Shangazi mmoja akazirai, sijui kwa furaha au kwa hasira. Mama mkwe alinitazama, akarudi kwenye mapazia yake. Bora angenitukana.

Mkaguzi alihesabu kwa kidole. Mia mbili hamsini na mmoja! Akanipa mkono. Akasema wachora ramani wengi hutia chumvi, lakini mimi nimepunguza. Nilikaribia kulia. Twiga alisimama langoni akitazama tu, mpaka kwaya ikamuuliza kama yeye ndiye yule mgeni.

Jumapili, 9 Machi

Kwaya imenuna. Timu imeondoka na mkeka wetu badala ya jezi. Ukoo haujaondoka. Umekuja na magodoro, na haubanduki mpaka ujue ni nani hasa aliyemzushia mama yao ugonjwa. Mke wangu amekwenda kuchota maji mara tisa. Nimemwambia avumilie siku mbili tatu. Amechukua ndoo akaenda mara ya kumi.

Jumanne, 11 Machi

Bosi ametusomea barua ya mkaguzi. Mtaa wangu umejazana kupita kiasi. Gari la zimamoto halina pa kupita, bomba halina pa kusimama. Bomba linakwenda kwa Twiga, penye uwanja. Kwangu itapasuliwa njia, na nyumba iliyo katikati ya nukta zote itavunjwa. Mkaguzi ameisifu ramani yangu: imeonyesha wazi ni nyumba ipi.

Nilikuta alama nyekundu ya X ukutani, rangi bado mbichi. Mke wangu alikuwa amekaa chini yake, ndoo pembeni, ametabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Akaniuliza kama hiyo ndiyo alama ya bomba.

Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Machi

Twiga amenifuata asubuhi. Kumbe alijua tangu Jumanne ile! Tisa kati ya nukta zangu zilikuwa kubwa kuliko tatu za kwanza. Hakusema kwa sababu alitaka niseme mwenyewe. Akanishauri niende kwa Bosi nieleze yote, nyumba bado haijaguswa, naye atanisindikiza. Nilishukuru kwa dhati. Nilifika mpaka mlangoni, nikainua mkono kubisha.

Bosi akafungua kabla sijabisha. Akanipa karatasi mpya, nichore hiyo njia ya zimamoto. Mimi! Kwa penseli!

Mambo yamenyooka. Nikisogeza nyumba yangu milimita mbili tu kushoto, njia inaipita pembeni na hakuna wa kuvunjiwa. Kushoto kuna kijito cha maji machafu, ni kweli. Lakini kijito nacho ni mstari tu, na kifutio ninacho.