Herufi T ya Mwaka 1916

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Stanslaus kanidhalilisha. Kaandika kwenye grupu letu la WhatsApp la sarafu za kale, watu mia na kumi wakisoma, kwamba nilichoweka ni washa ya baiskeli, kile kichuma cha duara cha kukazia nati. Washa! Sarafu ya Mjerumani, iliyogongwa Tabora mwaka 1916, ya babu yake mama!

Mzee Anselmo wa Sumbawanga, anayetengeneza albamu ya grupu, akasema nitume picha inayoonyesha herufi T ndogo ya Tabora. Mwisho Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Nikifaulu, mimi wa kwanza kutoka Mpanda kuingia humo.

Stanslaus ni fundi simu sokoni. Ana hadubini ya kuangalizia saketi, inakuza mara arobaini na tano tu. Eti niipeleke, ni dakika mbili. Bora nife. Nina digrii ya biolojia. Nitachagua hadubini yangu, na itaizidi yake.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeanza na ya shuleni ninakofundisha. Mara elfu moja! Nikachungulia. Giza. Nikafuta lenzi. Giza! Mwalimu Enoka, mtunza maabara, akaniuliza kwa upole taa iko upande gani. Chini, nikasema. Akauliza kama sarafu ni ngozi ya kitunguu hata mwanga upenye. Kidato cha pili wakacheka hadi wakalalia meza.

Enoka akashauri niende kwa Stanslaus, hadubini yake inamulika kutoka juu. Nikamwambia sikuomba ushauri. Nimeagiza Dar ya kuchomeka kwenye simu: taa nane juu, mara elfu moja mia sita!

Alhamisi, 11 Septemba
Imefika na basi. Takataka! Mama akipita tu na ndoo, picha inatetemeka. Na T haienei kwenye kioo. Naona mlima, bonde na uchafu mweusi. Mama akachungulia, akasema, Pude mwanangu, hili ni shamba letu la Ilembo baada ya moto. Nikatoka kupasua kuni. Nimepasua za wiki nzima.

Ijumaa, 12 Septemba
Usaliti! Ndani ya nyumba yetu! Jana nikiwa kwenye kuni, mama alichukua sarafu akaipeleka kwa Stanslaus. Dakika mbili. T imesimama kama kibao cha barabarani. Stanslaus mwenyewe kaiweka picha kwenye grupu: alikosea, sarafu ni halali, dada Pudensiana amsamehe. Anselmo kaipokea. Chini kaandika: Sarafu ya Pudensiana, picha ya Stanslaus.

Jina lake, chini ya langu, milele!

Mama hanielewi. Ananiuliza, si ulitaka iingie? Imeingia. Na yule kijana ana adabu, kanipa hadi kiti.

Nikampigia Anselmo aitoe, nitatuma yangu. Akauliza mara tatu kama nina akili timamu. Akaitoa.

Nikasugua sarafu kwa majivu na limau. Nikachungulia: bado chafu. Stiliwaya. Bado! Nikaazima msasa kwa Sylvanus, seremala jirani. Sasa inang'aa kama sufuria ya harusi.

Jumamosi, 13 Septemba
Nilituma saa tisa. Anselmo akauliza T iko wapi. Hapo katikati, nikasema. Akauliza sarafu iko wapi. Akasema anaona kitu cha njano, laini kama sabuni iliyotumika. Nani kaikwangua, binti yangu? Nikasema swali hilo halihusiani na picha.

Saa kumi na moja na nusu Stanslaus akaniandikia pembeni. Ile picha yake anayo bado. Niseme neno moja tu, atamtumia mzee kabla albamu haijafungwa, na jina lake liondolewe kama linanikera. Mama akasimama mlangoni, mikono kichwani: mjibu, Pude, mjibu!

Nikamjibu. Nilimwita washa ya baiskeli, kisha nikambloku.

Albamu imefungwa. Mpanda haimo.

Mama anasema T niliifuta mwenyewe kwa msasa. Mama hakusoma biolojia. T ipo. Imekuwa ndogo tu. Nimeagiza hadubini ya mara elfu mbili.