Hatua Moja Kila Msimu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Orodha ya ruzuku ya wakulima imetoka. Bwana shamba amethibitisha kwa mdomo wake, kisha akaibandika mlangoni pa ofisi. Mimi namba arobaini: ekari mbili na robo. Sharti ni ekari mbili. Chini ya hapo hupati kitu. Nimepita! Mke wangu ameshachagua mbolea.

Kisha nikasoma namba arobaini na moja. Jirani yangu Kimya, ekari tatu. Tatu! Mtu ambaye hata salamu huitoa kwa mkopo. 

Jumanne, tarehe 4
Pingamizi zinapokelewa hadi Jumatatu ijayo. Nimeandika barua kwa mkono wa kushoto, bila jina: Kimya amedanganya ekari, apimwe. Mke akauliza naandika nini. Nikasema shairi. Akasema, baba watoto, barua ya posa ulimwandikisha kaka yako, leo shairi?

Alhamisi, tarehe 6
Bwana shamba amekuja na kifaa cha kupimia, kidogo kama simu. Anatembea mpakani, kifaa kinahesabu. Nikajitolea kumwongoza. Raia mwema!

Tulipofika kwenye mstari wa mkonge unaotutenganisha na Kimya, nikakumbuka. Ule mkonge nimeuhamisha mimi. Hatua moja kila msimu, miaka sita, mvua ya kwanza ikishalainisha udongo.

Nikasema jua kali, tupumzike kivulini. Bwana shamba akasema hajaja kutafuta kivuli. Kimya akatoka na ramani ya marehemu baba yake, imefungwa kwenye nailoni. Wakafukua ilipoonyesha. Jiwe la mpaka lipo. Katikati ya mahindi yangu!

Yeye sasa ana tatu nukta nne tano. Mimi moja nukta nane. Kimya akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia: anamshukuru sana aliyeandika ile barua, maana kupimiwa shamba ni gharama, na miaka sita alikuwa anatafuta wa kumlipia. Alikuwa ananitazama mimi.

Ijumaa, tarehe 7
Jina langu limekatwa kwa kalamu nyekundu. Bwana shamba akasema pole mzee, sharti ni sharti. Barua yangu ameibandika kando ya orodha. Eti uwazi. Mke ameisoma yote, amesimama pale mbele za watu. Akasema shairi zuri, ila halina vina.

Kisha akaenda shambani na jembe. Mvua imebakiza wiki mbili. Tutapanda bila mbolea. Tutapanda, maana yake yeye.

Jumapili, tarehe 9
Nimepiga hesabu. Kinachopungua kufika ekari mbili hakifiki hata robo! Upande wa pili wa shamba langu yuko mjane, namba arobaini na mbili, ekari mbili kamili. Huyo hajapimwa. Mpaka wetu naujua kuliko yeye: mkonge wake pia nimeupanda mimi, na kuupanda tena, na tena.

Barua iko tayari: mjane naye amedanganya ekari, apimwe. Safari hii nimetumia mkono wa kulia, wasinishuku. Naipeleka kesho mapema kabla ofisi haijafunga pingamizi. Bwana shamba hupima siku za Alhamisi. Atafika tarehe 13, saa tatu asubuhi. Nitamwongoza mwenyewe.