Ombi la Barabara ya Gari Mpaka Kileleni

Kwa Mhandisi Mkuu wa Barabara,
Ofisi ya Ujenzi, ghorofa ya pili,
mlango ulioandikwa "Subiri Kuitwa".

Ndugu Mhandisi,

YAH: BARABARA YAKO KUISHIA NJIANI

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana hata mimi ninayeiandika nimekaa. Nimo ndani ya teksi yangu, kwenye maegesho ya chini ya mlima, namsubiri mke wangu ashuke. Usukani ndio meza yangu. Ukiona mwandiko umepinda, ujue ni honi: nikikandamiza kalamu inalia, na mlinzi wa geti anakuja kuniuliza nataka nini.

Ninachotaka ni hiki. Barabara iliyoishia hapa iendelee mpaka kileleni. Sababu zangu nazipanga kwa heshima:

1. Mimi ni dereva, mtoto wa dereva. Kwetu mtu akionekana anatembea kwa miguu, majirani huja kutupa pole kwa kuharibikiwa na gari. Hata dukani, ambako ni ng'ambo tu ya barabara, naenda kwa teksi, na nikifika nageuza kabisa ili nisipate tabu kuondoka. Sijivuni. Nakueleza tu ni mtu wa namna gani aliyeachwa hapa maegeshoni.

2. Mke wangu amejiunga na kikundi cha wapanda milima, na kila Jumamosi ananiamsha niwalete yeye na wenzake. Sasa hiyo njia ya kuja huku, Mhandisi, umewahi kuipita au uliitia saini tu? Ukishaacha lami, kuna makorongo yanayoweza kuficha ng'ombe. Kona ya kwanza naipanda kwa gia namba moja, ya pili kwa gia hiyohiyo na maombi, ya tatu abiria wanashuka wasukume. Rejeta inachemka, klachi inanuka, jasho linanitoka utadhani mimi ndiye niliyelibeba gari. Tunafika hoi bin taabani. Halafu, baada ya mateso yote hayo ya kukwepa kutembea, watu wanashuka, wanajinyoosha viungo, wanaanza kutembea.

3. Jambo hilo nimelifikiria nikiwa nimekaa hapahapa na limenishinda. Kama walitaka kutembea, si wangeanzia mlangoni kwao? Na kama walitaka kufika kileleni, mimi si nipo, na gari linawaka? Mtu hapandi lifti mpaka ghorofa ya tatu, akashuka, akamalizia ngazi mpaka ya kumi. Serikali ichague moja: ama magari yapigwe marufuku kuja mlimani, ama miguu. Mimi kwa moyo mweupe napendekeza miguu.

4. Kiongozi wao ni kinyozi mmoja wanayemwita Swala. Sina neno naye. Ila Jumamosi iliyopita, wakati wanateremka, nilimsikia mke wangu anacheka kule juu kwenye miti kabla hata sijamwona. Akaingia garini, akafunga mkanda, na kicheko kikakoma. Nikamuuliza walikuwa wanacheka nini. Akasema hata akinieleza sitaelewa, ilibidi niwepo. Basi nikawasha gari, na njia nzima mpaka nyumbani nikamweleza habari za rejeta. Inaniuma, Mhandisi. Najua hii si hoja ya kihandisi, lakini naomba uiweke kwenye faili.

5. Nimeifuta. Ilimhusu mama mkwe.

6. Faida za barabara hiyo ni nyingi. Wazee watafika kileleni, wagonjwa watafika, na madereva nao, ambao hakuna anayewakumbuka, watafika. Huko juu pajengwe mahali pa kugeuzia gari, taa, na kituo cha teksi chenye kivuli. Kama kilele ni chembamba, kikatwe kidogo. Mawingu yamekifunika muda wote, hakuna atakayejua. Wanaong'ang'ania kutembea waruhusiwe kushuka kwa miguu, maana huko angalau mlima wenyewe unakusukuma. Swala arudi kunyoa.

7. Na ikishindikana kabisa kuipandisha barabara, basi mlima ushushwe. Lile greda linalolala uani kwenu mwaka mzima lije lianze kuukwangua kutoka juu, polepole, bila kumbughudhi mtu, mpaka kilele kifike usawa wa maegesho. Mimi nitakuwa nimeegesha palepale. Mke wangu atapanda, atafika, atageuka, na ataniona dirishani. Nadhani hilo si ombi kubwa kwa ofisi yenye greda.

Nisalimie wote hapo ofisini: katibu muhtasi aliyenifukuza kwa adabu, dereva wa greda, mfagizi wa ngazi, na shemeji yangu mkeo, kama na yeye hajaanza kupanda milima.

Ni mimi, ninayesubiri jibu lako injini ikiwa inaunguruma,

Dereva wa teksi nyeupe,
Maegesho ya chini ya mlima.

Nyongeza: Mke wangu ameshuka na kuikuta barua hii juu ya dashibodi wakati nimeinama kuangalia rejeta. Ameisoma yote, mpaka pale nilipofuta. Nilidhani atacheka, hakucheka. Akasema, "Mume wangu, kote ninakokwenda huwa naletwa. Huku juu tu ndiko ninakofika mwenyewe. Ukitaka kuja, njoo, lakini liache gari." Tumeteremka kona zote tatu bila mimi kuitaja rejeta hata mara moja, na yeye ameniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo, Mhandisi, barabara iache ilipoishia, na mlima usiguswe. Ombi langu sasa ni dogo. Jumamosi ijayo naomba unitumie mtu wa kuniangalizia teksi, kwa sababu haitakuwa na mtu ndani.