Mfungua Msitu wa Ilawa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo furaha imenijaa mpaka chakula kimekosa nafasi. Mwenyekiti Kalinga ametangaza mkutanoni: njia ya kutembeza wageni ndani ya msitu wetu wa Ilawa imekamilika, na Jumamosi wageni wa kwanza wanafika. Si Wazungu. Watu wa Mbeya, kikundi cha kupanda milima. Mlima Loleza wameshaumaliza, ziwa la Ngozi wameshaliona, sasa wanaitaka Iringa. Na wanalipa kiingilio ili watembee kwa miguu! Mke wangu, Mama Adrian, kasema yeye hupita msituni humo kila wiki na kuni kichwani, hajawahi kukatiwa tiketi.

Kijiji kinatafuta mtu mmoja wa kuongoza wageni. Atapewa kofia ya kaki na filimbi. Kofia nimeiona. Imeshonwa kwa ajili ya kichwa hiki. Inabana kidogo tu.

Nani anaujua Ilawa kuliko Liberatus? Nimechuma uyoga humo. Nimetundika mizinga humo. Chui nimekutana naye humo uso kwa uso, na aliyeondoka kwanza ni yeye. Tangu goti langu lilipolikataa shamba la bondeni, hakuna anayekuja kuniuliza jambo. Hata mvua hawaniulizi, wanaangalia kwenye simu. Sasa wataniuliza!

Kuna kikwazo kimoja. Jirani yangu Benjamini naye ameomba. Mzee wa kanisa la Kilutheri, ana buti za mvua na darubini aliyoletewa na mkwe. Darubini! Msitu uko palepale, anataka kuusogeza uende wapi?

Jumanne, 6 Mei

Nimepata akili. Nilikuwa nakamua ng'ombe, ikaja yenyewe. Nikaacha ndoo, nikaenda kwa Kalinga.

Nikamwambia msitu ule hauingiliwi hivihivi kama soko. Babu wa babu yangu aliacha mwiko. Wageni hawaingii mpaka mzee aufungue msitu. Anavunja tawi bichi, anagusa mti wa kwanza, anausalimia kwa Kihehe, Kamwene, halafu wote wanatulia wangoje ndege aitikie. Ndege asipoitikia, watu warudi kwao. Kalinga akauliza mbona yeye hajawahi kusikia. Nikamjibu kwamba yeye utoto wake alikuwa shule Mafinga. Akaliandika daftarini.

Mwiko wenyewe nimeutunga kati ya banda la ng'ombe na mlango wa Kalinga. Njia fupi, lakini kichwa changu kina mbio.

Hesabu ni hii. Benjamini ni mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa hawezi kusimama mbele ya watu akausalimia mti. Atajitoa mwenyewe. Kofia yangu! Nilirudi nikakuta ng'ombe kapiga ndoo teke. Mama Adrian kaongea sana. Sikusikia vizuri, nilikuwa na furaha.

Jumatano, 7 Mei

Kalinga kaita wazee wathibitishe mwiko. Hapo jasho lilinitoka. Bibi Faustina ndiye mkubwa kuliko wote kijijini, mimi mwenyewe kanibeba mgongoni. Akisema hajui, nimekwisha.

Bibi akafumba macho muda mrefu. Nikadhani kalala. Kumbe anakumbuka! Akasema ni kweli, bibi yake alimsimulia. Akaongeza kwamba tawi liwe la mkuyu, la mparachichi msitu unalikataa. Hata mimi hilo nilikuwa silijui.

Nikamgeukia Benjamini nione anavyojitoa. Hakujitoa. Kasimama, kakohoa kama anataka kusoma somo la kwanza, kasema kusalimia si tambiko, ni adabu, hata kwa jirani tunapiga hodi. Halafu akasema marehemu mama yake naye alimwachia neno. Mzee anayefungua msitu hutangulia mbele ya wote, ila hafungui kinywa mpaka watoke. Akisema neno moja, ameuvunja mwiko.

Uongo mtupu! Mama yake alikuja kuolewa hapa kutoka Njombe, Ilawa angeijulia wapi? Nilitaka kumwambia mwongo mkubwa wewe. Nikakumbuka kwamba wangeniuliza nimejuaje. Nikameza. Na Bibi Faustina akasema, eeh, hata hilo analikumbuka.

Basi wakaamua. Liberatus afungue na atangulie. Benjamini afuate nyuma, awaeleze wageni. Baada ya safari Kalinga atapima nani avae kofia.

Nina uhakika. Aliye mbele ndiye anayeonekana.

Ijumaa, 9 Mei

Jana na leo nafanya mazoezi ya kunyamaza. Jana nilishindwa uji ulipokuja, haukuwa na chumvi. Leo nimeshinda mpaka adhuhuri, nikajipongeza kwa sauti. Mama Adrian kaniangalia, kasema, "Baba Adrian, kesho ukitoka humo bila kusema, mimi nitakwenda kutoa sadaka."

Hana imani. Tangu siku ya harusi hana imani.

Jumamosi, 10 Mei

Wamefika! Basi zima la Kosta! Kofia, fimbo, viatu vya rangi ya maembe. Kiongozi wao anaitwa Nasrin, mama mfanyabiashara, anauza vitenge Mbalizi, mtandio kaufunga imara kama mtu anayekwenda vitani. Kanishika mikono yote miwili, shikamoo babu, tumesikia wewe ndiye mwenye msitu. Nikajibu marahaba. Nikaongeza mawili matatu kuhusu ukoo wangu, kwa kuwa tulikuwa bado nje. Kalinga kanikatiza.

Nikavunja tawi la mkuyu. Nikagusa mti. "Kamwene!" Sauti ilifika Ipogolo kule barabara kuu, sina shaka.

Tukangoja ndege.

Ndege hakulia. Siku zote wanapiga kelele pale mpaka mtu hasikii hata mawazo yake, leo kimya kama wamealikwa msibani. Wageni wamefumba macho. Benjamini anatabasamu. Mwishowe jogoo wa Kalinga akawika kijijini. Benjamini akasema jogoo hahesabiki. Kalinga akauliza jogoo ni nini kama si ndege. Tukaingia.

Nikatangulia, kifua mbele, kinywa nimekifunga. Nasrin akaja ubavuni, akauliza ule mti mrefu unaitwaje. Naujua! Naujua kwa jina, kwa dawa na kwa kuni zake! Nikaonyesha kinywa changu kwa kidole. Mumewe, Junaid, akadhani jino linauma, akanipa kidonge. Nikakipokea. Ningefanyaje?

Na nyuma yangu, Benjamini. Anaeleza. Anaeleza kila kitu! Mizinga yangu kasema ni ya "wazee wetu". Njia ya maporomoko niliyoifyeka mimi, kasema "tuliifyeka". Wageni wanaandika, wanapiga picha, mama mmoja anampigia makofi. Nikauma ulimi. Nikaufikiria mti. Nikaifikiria kofia. Tukafika maporomoko bila neno, nilikuwa nimeshinda, bado kurudi tu!

Hapo Benjamini akanyoosha darubini kwenye mwamba. Akawaambia kwamba hapa zamani mzee mmoja wa kijiji, jina hatalitaja, alikutana na mbega. Mbega, yule nyani mweusi mwenye joho jeupe. Mzee akadhani ni chui, akakimbia mpaka suruali ikabaki kwenye miiba.

Nilivumilia. Mungu shahidi, nilivumilia. Lakini wageni walicheka, na Nasrin akauliza kama mbega naye alikimbia.

"Alikuwa chui!" nikasema. "Na suruali niliivua mwenyewe!"

Kalinga kaangalia chini. Halafu wale watu wa Mbeya wakacheka mpaka Junaid akakaa kwenye maji.

Jumapili, 11 Mei

Wazee wamekaa baada ya ibada. Hukumu: natoa jogoo mmoja mwekundu, na siruhusiwi kupita mti wa kwanza mpaka mvua za Novemba. Kufungua msitu naruhusiwa. Nifungue, nibaki nje, kama bawabu wa benki.

Kofia kapewa Benjamini. Imemkaa vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Nikaona hapa dawa ni ukweli. Sina mazoea nao, lakini nikauchukua. Nikamwendea Kalinga, mbele ya wazee wote, nikasema, "Mwenyekiti, mwiko huo haupo. Nimeutunga mimi, Jumanne, nikitoka kukamua."

Kalinga kanishika bega kwa huruma. "Mzee wangu, kosa limeshatokea. Usiongeze lingine la kuwakana wazee wako."

Nikamgeukia Benjamini, nikamwambia aseme na lake, kuhusu mama yake. Kavua kofia, kaiweka kifuani, kasema yeye marehemu hawezi kumsema.

Bibi Faustina akafumba macho. Akasema sasa ndiyo anakumbuka vizuri: anayeuvunja mwiko, siku ya pili huja kusema mwiko haupo. Wazee wote wakaguna. Mmoja akasema hata yeye aliwahi kulisikia.

Mama Adrian hajaenda kutoa sadaka. Kachinja jogoo, kapeleka.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeamka mwepesi! Nimelifikiria jambo lote, nikaona nilikuwa najionea bure. Mimi kutunga? Bibi Faustina angekumbukaje kitu ambacho hakikuwepo? Maana yake mwiko ulikuwepo tangu zamani, wazee wakautuma kupitia kichwa changu kwa sababu ndicho kipana. Ukoo wangu wote una karama hiyo, ila kwangu imekuja nyingi.

Na leo wametuma mwingine.

Nasrin kampigia Kalinga: mwezi ujao wanarudi, kosta mbili, na wameuliza kama babu wa chui atakuwepo. Wameuliza! Sasa, msituni siingii. Lakini nyuma ya banda langu kuna ule mwamba mkubwa, ukiupanda unaiona barabara kuu na mabati ya Ipogolo yote. Hauko msituni. Wageni wataupanda. Na mwamba ule una mwiko wake, nimeuletewa nikiwa bado kitandani: anayeupanda lazima asindikizwe na mzee mwenye banda, na mzee huyo anatakiwa aseme mfululizo, kutoka chini mpaka juu na kurudi, na asikatizwe na mtu yeyote, hasa mwenye kofia.

Nimemweleza Mama Adrian. Kaingia ndani, kafunga mlango. Furaha hiyo.

Kesho asubuhi nampelekea Bibi Faustina maziwa. Nitakaa naye taratibu, nimsaidie kukumbuka.