Uzinduzi wa Daraja katika Nchi Isiyo na Maji

Mhashamu Baba Mkavu Mkuu, Kiongozi wa Kanisa la Nchi Kavu na Mtawala wa Dola Takatifu ya Kinamasini, ambaye hakuweza kufika kwa sababu ya viatu vipya, waheshimiwa Maaskofu wa Kata, Mashemasi Watendaji, Mkurugenzi wa Maungamo na Takwimu, wageni wetu kutoka Mapinga mliokuja kutafuta viwanja na kupoteza kiatu kimoja kimoja, na ninyi waumini mliosimama kwa utulivu mkubwa, maana mkisogea mnazama zaidi: itifaki imezingatiwa, na nisiyemtaja anyooshe mkono wakati bado anaonekana.

Nchi hii! (Kavu!) Kavu! (Daima!) Asanteni. (Makofi. Mengine ni ya kuua mbu.)

Mimi, Alawi Bwanausi, Katibu Mkuu wa Wizara ya Madaraja na Toba, nasimama mbele yenu juu ya meza hii, si kwa kuogopa kulowa, la hasha, kwani tangu Mwasisi wetu alipotangaza kuwa nchi hii ni kavu, hakuna tena maji, na yeyote anayesema amelowa ametenda dhambi na sharti aungame. Nasimama juu ya meza kwa sababu ya visibility. (Makofi.)

Ndugu wadau, daraja letu limefikia asilimia tisini na saba ya implementation. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukaupembua huo upembuzi, tukaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na wajumbe wote wakapelekwa semina elekezi ya siku tisa Lugoba, ambako hakuna tope la kuwasumbua mawazo. Tumesimika vigingi vya viwanja mia nne na kumi, na vyote, narudia, vyote, vinaelea kwa viwango vya kimataifa. Kuna wanaouliza: kama nchi ni kavu, daraja la nini? Hao tumewaita ofisini na sasa hawaulizi.

(Sauti ya mwanamke: "Mheshimiwa, samahani!")

Naona mkono. Ni Bi Kibibi, mkazi wa hapa hapa. Shikamoo, mama. Sema, serikali ya Kanisa ni sikivu.

("Marahaba, mwanangu. Binti yangu Lulu kashikwa na uchungu tangu asubuhi. Zahanati iko ng'ambo, upande wa Zinga, na maji yananifika kiunoni. Nipe Ramadhan amvushe, ndiye peke yake anayejua pa kukanyaga.")

Bi Kibibi, nimekusikia, ila umesema maji. Muungamishi yule pale, amesimama kwenye kreti ya soda, foleni ni ya watu sitini tu. Kuhusu Ramadhan, huyo ni mtumishi wa protokali, hawezi kutumika kwa shughuli binafsi kama uzazi. Na mimi sitakubali, nikiwa hai, Lulu avuke kama gunia la mkaa wakati tuna daraja! Avute subira, amalizie kusikiliza hotuba, kisha apite darajani kama raia mwenye hadhi. (Makofi machache. Sauti: "Uchungu nao unasubiri hotuba?" Vicheko.)

Tusichekeane, ndugu zangu. Twende kwenye data. Kwa mujibu wa tathmini shirikishi, asilimia themanini na nane ya wananchi wameridhika na daraja, asilimia kumi wameungama, na asilimia mbili hawakupatikana kwa sababu walikuwa wamezama, yaani, wamezama katika sala. (Huko nyuma watu wanampisha mtu. Tope linalia.) Mnaopita pale nyuma, tulieni!

Naomba na mimi niungame jambo, maana nilikuwa mtoto mwenye haya sana, mwalimu akiniita mbele ya darasa nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu mpaka kengele inalia. Kila usiku niliota mkutano kama huu: watu wote wananitazama, na hakuna hata mmoja anayeweza kuondoka. Leo Mungu amejibu. (Vyura wanalia.)

Kwa hiyo, nikielekea kuhitimisha: Daraja letu! (Fahari yetu!) Miguu yetu! (Mikavu!) Kwa mamlaka niliyopewa, nakata utepe huu, na shukrani zangu za dhati zimwendee Ramadhan, aliyenibeba mgongoni kutoka ng'ambo mpaka juu ya meza hii, kwani bila mgongo wake nisingeweza kufika kulizindua daraja, na ndiye huyo huyo atakayenirudisha sasa hivi kabla giza halijaingia. Ramadhan, njoo baba. Ramadhan?

(Watu wanageuka kutazama ng'ambo.)

Yuko wapi mtumishi wa protokali?

(Bi Kibibi: "Kamvusha Lulu. Wameondoka ulipokuwa kwenye asilimia.")

Bila kibali? Na atarudi saa ngapi?

("Maji yakipwa.")

Maji gani, Bi Kibibi?

("Hayo yasiyokuwepo.")

(Watu wanaanza kutawanyika, wameshikana mikono, mmoja baada ya mwingine.)

Ndugu waumini, hatujafunga kwa sala! Jamani! Bi Kibibi, mama yangu, hebu niambie, hapo chini ya meza... panafika wapi?

("Si pakavu, mwanangu? Teremka.")

Muungamishi! Ndugu Muungamishi, hebu nisogezee hiyo kreti.

("Panga foleni, mheshimiwa. Wewe ni wa sitini na moja.")