Msafara wa Nyumba ya Bi Ozella

Rondal Tuggle hakuwa mwizi, na angeapa hivyo mbele ya Biblia ya mtu yeyote. Mwizi huchukua bila kuomba. Rondal aliomba kila alichochukua, tena kwa adabu, kofia mkononi, na mara nyingi mwenye mali alimsaidia kubeba. Basi Jumatatu moja, akiwa kwenye foleni ya duka la vyakula vya mifugo, alisikia kwamba kile kiwanja cha nyumba za magurudumu kule Bonde la Cutler kimeuzwa, na kwamba nyumba yoyote itakayokutwa pale Jumamosi saa sita mchana itasagwa na tingatinga. Waliokuwa foleni wakasikitika. Rondal akatoka nje, akalitazama lori lake kwa mapenzi.

Lilikuwa lori la jeshi, la kijani, la magurudumu kumi. Alilipata kwenye mnada wa vitu ambavyo jeshi limevichoka, na wenye wivu pale Hatcher's Gap, Alabama, walisema jeshi halikulichoka, lililikimbia. Lilikunywa dizeli kuliko shemeji yake alivyokunywa bia. Lakini lilikuwa na nguvu ya kung'oa kanisa pamoja na waumini wake, na kampuni za kuvuta nyumba, zenye leseni na kila kitu, zilikuwa zimejaa kazi hadi mwezi ujao. Panapofuka moshi hapakosi moto, na panapobandikwa notisi hapakosi mjane.

Mjane mwenyewe alikuwa Bi Ozella Haygood, wa miaka sabini na miwili, aliyekuwa amepiga kinanda kwenye mazishi ya nusu ya wafu wa kaunti ile. Mumewe Virgil alifariki miaka mitatu iliyopita, akamwachia nyumba ya magurudumu ya futi kumi na nne kwa sabini, basi. Hakuwa na kitu kingine duniani. Kanisa la Mount Nebo lilimpa kipande cha ardhi nyuma ya makaburi aiweke pale. Kilichobaki ni maili kumi na moja za barabara, na hizo hakuwa na namna ya kuzivuka.

Jumatatu hiyo hiyo Rondal alifika mlangoni kwake, akavua kofia. Akamwambia ataivuta nyumba bure, hatapokea hata senti, kwa kuwa amesikia marehemu aliwahi kuendesha lori la namna hii jeshini. Hilo lilikuwa kweli, na Bi Ozella alipolisogelea lori akaligusa mlango, machozi yalimtoka. Rondal alitazama pembeni. Moyo alikuwa nao, ila aliuweka mahali ambapo haungesumbua kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Maili saba mbele barabara inagawanyika. Kulia ni Mount Nebo. Kushoto ni kaunti jirani, kwa Doyle Scroggins, mtu mwenye mashamba mengi na mkono wa birika, ambaye jioni ile ile aliinunua nyumba ya Bi Ozella kutoka kwa Rondal kwa bei ya kutupa. Hakuuliza karatasi za umiliki, kwa sababu aliamini kwamba yeye ndiye anamwibia Rondal. Bi Ozella angetangulia kanisani kupanga matofali ya kuiwekea nyumba, na Rondal, kwa bahati mbaya sana, angepinda kushoto.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Nyumba ya upana ule haitembei barabarani bila kibali, na bango la mzigo mpana mbele na nyuma, na gari la kusindikiza lenye taa za kumetameta. Rondal na vibali walikuwa hawaamkiani. Aliliwaza jambo hilo hadi Jumatano, aliposimama kando ya barabara kupisha mazishi ya mtu asiyemjua. Lori la magogo lilisimama. Basi la shule lilisimama. Mtu aliyekuwa analima alizima trekta katikati ya shamba akavua kofia. Naibu sherifu Lavon Pettus, ambaye angemwandikia faini hata mama yake mzazi, alisimama njia panda, kofia kifuani, akiwafungulia njia wafiwa. Na hakuna mtu hata mmoja aliyeulizwa kibali. Rondal alibaki pale muda mrefu baada ya msafara kupita, akimshukuru marehemu.

Ijumaa alimweleza Bi Ozella mpango huo, wakinywa chai ya barafu. Watawasha taa kubwa, wataweka shada la maua mbele ya lori, naye atavaa tai nyeusi. Dunia nzima itawapisha hadi mlangoni.

Bi Ozella alikoroga chai yake. "Na aliyekufa ni nani?"

"Hakuna, mama. Utamu wake ndio huo."

"Virgil angecheka," alisema Bi Ozella. "Shada unanunua wewe?"

Rondal akasema shada ni juu yake, na akajisikia mtu mkarimu hadi alipolala.

Jumamosi saa tatu asubuhi nyumba ilikuwa imefungwa nyuma ya lori kwa vyuma na minyororo, mapazia ya jikoni yakipepea, paka akiwa amelala dirishani kwa dharau zote. Shada la mayungiyungi lilikaa kwenye pua ya lori. Na ndani ya lori, kwenye kiti cha abiria, alikuwa amekaa Bi Ozella mwenyewe, gauni jeusi, kofia nyeusi yenye wavu, kopo la kahawa mapajani.

Rondal alimkumbusha kwamba walikubaliana atangulie kanisani.

"Mjane hatangulii mazishi, mwanangu. Watu watashangaa."

Uongo ulikuwa wake, na ulikuwa umeshonwa vizuri, hakuona pa kuufumua. Akajiambia kuna kituo cha mafuta kabla ya njia panda. Atamshusha Bi Ozella akanunue soda, na mpaka amalize kuchagua rangi, nyumba itakuwa imevuka mpaka wa kaunti.

"Hilo kopo lina kahawa? Ningepata kikombe kimoja kabla hatujaondoka."

"Hii si ya kunywa," alisema Bi Ozella, akaliweka vizuri.

Wakaondoka, lori likinguruma, nyumba ikifuata kwa madaha. Na kweli, dunia iliwapisha. Magari yalipanda majanini. Wanaume walivua kofia mbele ya sebule, vyumba viwili vya kulala na choo. Mzee mmoja alipiga saluti, na paka akamtazama. Rondal aliinamisha kichwa kwa majonzi kila alipopita watu, na kati ya kundi moja na jingine alipiga mluzi.

Lakini ujanja mwingi mbele kiza. Rondal alilikumbuka lile la kupishwa, akasahau la pili ambalo kwetu hata mtoto analijua, kwamba aliyemfahamu marehemu hasimami tu kando. Huwasha taa zake akaingia nyuma ya msafara. Na kwenye kaunti ile nani hakumfahamu Bi Ozella? Kila mmoja alimwona dirishani na kofia yake ya ujane. Maili ya pili kulikuwa na magari manne nyuma ya nyumba. Maili ya nne yalikuwa ishirini na mawili, pamoja na chama kizima cha wanajeshi wastaafu ndani ya basi lao, na vifua vya medali. Maili ya sita Rondal alitazama kwenye kioo cha pembeni akakuta hauoni mkia wa mambo aliyoyaanzisha. Aliacha kupiga mluzi.

Kituo cha mafuta kilipotokea, watu walikuwa wamejipanga mbele yake, kofia mikononi, hata pa kuegesha baiskeli hapakuwepo.

"Mama, hutaki soda?"

"Kwenye mazishi, Rondal?"

Njia panda alisimama Lavon Pettus, kofia kifuani, mkono mmoja ukiwaelekeza kulia. Rondal alisimamisha lori, akashusha kioo, akaweka ile sauti yake ya asali. Akaeleza kwamba familia imeomba kupita kushoto, kwa mzunguko kidogo, maana marehemu alikipenda sana kijia kile cha kushoto, hasa majira haya.

"Makaburi yako kulia, Bwana Tuggle."

"Ni maili chache tu, afisa. Kwa heshima yake."

Lavon aliitazama nyumba, kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, bila haraka. Halafu akavaa kofia, jambo ambalo Rondal hakulipenda. "Hii ikipinda kulia ni mazishi," alisema. "Ikipinda kushoto ni mzigo mpana, na mzigo mpana nitauulizia kibali. Sasa niambie wewe, hii ni nini."

Nyuma yao, magari hamsini na kitu yalikuwa yanasubiri kwa subira ya watu wenye huzuni. Bi Ozella alitazama mbele. Rondal alisema ni mazishi, akapinda kulia.

Mount Nebo meza zilikuwa zimeshatandikwa chini ya mialoni. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, viazi vya jibini, maharage, mkate wa mahindi na keki tisa. Rondal aliteremka akazitazama sahani. Kuku hajikaangi. Mtu alianza kumkaanga jana, kwa hiyo mtu alijua tangu jana. Mchungaji Whatley alimkumbatia akamwambia Bi Ozella ameomba yeye ndiye amzungumzie marehemu.

"Marehemu gani?" Rondal alimnong'oneza Bi Ozella.

Bi Ozella alifunua kopo. Ndani yake kulikuwa na majivu.

"Virgil," alisema. "Miaka mitatu nimemweka juu ya jokofu. Nimepigia kinanda mazishi ya watu wote hawa, na wangu sikuwa na uwezo wa kumfanyia hata msafara wa magari mawili. Nilikuwa naona aibu, Rondal. Kila asubuhi namwangalia pale juu, naona aibu." Alifuta macho chini ya wavu. "Leo nimehesabu hamsini na nane."

"Lakini mimi nilikwambia ni ya uongo."

"Wewe ndiye uliyesema ya uongo. Mimi nilimpigia simu mchungaji." Akafunika kopo. "Na mke wa Scroggins alikuja Jumanne kupima madirisha ashone mapazia. Mama mwema kabisa. Aliniuliza ninahama lini."

Rondal alisukumwa mbele ya watu mia mbili. Nyuma yao wanaume walikuwa wameshaiingiza nyumba kwenye kiwanja chake, wanaipandisha kwenye matofali, na wengine wanafungua magurudumu wakiyabingirisha hadi chini ya sakafu ya kanisa. Katikati ya umati, sahani ya kuku mkononi, alisimama Doyle Scroggins, aliyeitambua nyumba yake barabarani akaifuata. Alimuuliza jirani kwa sauti ndogo kama ile si nyumba yake. Jirani alikuwa Lavon Pettus.

"Nyumba ya nani, Bwana Scroggins?"

"Ya marehemu," alisema Doyle, akaongeza viazi.

Basi Rondal akafanya jambo pekee aliloliweza maishani, akasema. Akamzungumzia Virgil, ambaye yeye hakuwahi kumwona, na aliposikia mtu analia, ulimi ukashika moto. Akasema juu ya askari, na barabara ndefu, na wenzao wasiorudi. Akaunyoosha mkono kwa lile dude la kijani, akasema, sauti ikimkatika, "Na hili lori si langu. Mimi nimelitunza tu. Ni mali ya kila askari aliyewahi kuliendesha."

Hata mchungaji alilia. Mkuu wa chama cha wanajeshi wastaafu, mzee mkavu aitwaye Hollis Threadgill, alimpa mkono na hakuuachia. Akamshukuru kwa niaba ya chama. Akamwambia ni miaka wanatafuta lori la gwaride. Halafu akafungua kiganja kingine, mbele ya watu mia mbili wenye vitambaa machoni, akangoja ufunguo.

Rondal alimtazama Bi Ozella. Bi Ozella alikuwa ameshakaa kwenye kinanda kilichotolewa nje. Akatoa ufunguo.

Alipokuwa akiondoka, Bi Ozella alimfuata hadi getini akiwa na lile shada na sahani iliyofunikwa. Kuku alikuwa wa njiani. Shada, alisema, Rondal alilinunua kwa pesa yake na haki ya mtu apewe, tena Virgil maua yalimpigisha chafya. Kisha akamshika shavu akasema asante, na alimaanisha. Hilo ndilo lililomuuma Rondal kuliko lori.

Maili kumi na moja alizitembea kwa miguu, tai nyeusi shingoni, shada mkononi, kichwa chini. Kila gari lililotokea lilisimama kando, na wanaume wakavua kofia. Rondal alipunga, akaita, akanyoosha kidole gumba hadi kikamuuma. Hakuna aliyempa lifti. Kwetu msafara wa mazishi haukatizwi, hata ukiwa wa mtu mmoja.